Kiuno kinauma, lakini MRI ya nini?

Dokta, shikamoo. Naendesha bodaboda, kiuno kinanisumbua wiki ya pili. Nimeambiwa nikapige MRI, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Nikakope?

Marahaba. Usikope. Maumivu mengi ya kiuno hutulia ndani ya wiki sita hivi bila picha yoyote. Tena picha huonyesha mengi yasiyohusika: kati ya watu wa miaka 50 wasioumwa popote, wanane katika kumi utawakuta diski zao, yaani vile vijito laini kati ya pingili za mgongo, zimechakaa. Mtu anapewa majibu yanayotisha, anaogopa hata kuinama, mgongo unazidi kukakamaa. Anza na daktari atakayekuhoji, akutazame ukiinama, akupime nguvu na hisia za miguu, akuinue mguu ukiwa umelala chali. Maumivu yakishuka kama shoti ya umeme mpaka chini ya goti, huenda neva imebanwa. Hata hapo, wengi hupona bila kisu.

Usijilaze kutwa. Tembea, punguza safari ndefu, shuka kwenye pikipiki ujinyooshe.

Mama mkwe anasema hizi ni figo, jirani anasema ngiri.

Figo huuma ubavuni, chini ya mbavu, mara nyingi pamoja na homa au shida ya mkojo, na kubadili mkao hakusaidii. Ngiri mara nyingi huonekana kama uvimbe kinenani. Kiuno kinachouma ukiinama na kutulia ukijigeuza, kwa kawaida ni mgongo wenyewe. Dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, unazouziwa bila kupimwa mkojo ni hasara tupu.

Nachoma sindano ya maumivu, diclofenac, kila kikiuma. Nimenunua na mkanda wa kufunga kiunoni.

Sindano za mfululizo acha. Diclofenac na ibuprofen ni za siku chache. Zikizidi huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Mwenye presha, vidonda vya tumbo au ujauzito asijinunulie. Mkanda? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023, kwa maumivu sugu ya kiuno, umeukataa. Umependekeza mazoezi.

Ni lini niogope?

Mkojo ukigoma au ukitoka wenyewe, ganzi ikishika sehemu za siri, miguu ikilegea: hospitali leo hii, hata usiku. Ukipata homa za jioni, jasho usiku na kukonda, nenda wiki hiihii, maana kifua kikuu hushika pingili za mgongo hata kwa asiyekohoa. Vivyo hivyo aliyewahi kuugua saratani, na mzee aliyeanguka.