Breki ngumu kwenye pikapu: ipime pedeli kwanza kabla hujagusa busta

Vijana mnaoanza gereji, hili la pedeli ngumu naliandika kwa sababu naona mtu akisikia tu "breki ngumu" anaenda moja kwa moja kushusha busta. Busta, lile kopo la duara mbele ya pedeli linaloongezea mguu wako nguvu, ni ghali na kuitoa ni kazi, alafu mara nyingi haina kosa lolote.

Kwanza muulize mwenye gari anamaanisha nini. Kuna pedeli inayogoma kushuka, unakandamiza kama unasukuma ukuta, na kuna pedeli inayoshuka kawaida ila gari haishiki. Hiyo ya pili nenda kwenye tairi, angalia pedi kama zimeungua uso au zimelowa grisi. Hapa naongelea ya kwanza.

Sasa kaa kwenye siti. Zima injini, kanyaga pedeli mara nne tano mpaka iwe ngumu, hapo umemaliza vakyumu, yaani ule mnyonyo wa hewa unaoiendesha busta, iliyobaki ndani yake. Usitoe mguu, uache umekandamiza kiasi, piga stati. Kama busta inafanya kazi pedeli itazama kidogo yenyewe chini ya mguu wako, utaisikia kabisa. Isipozama ujue msaada haupo. Kipimo cha pili, acha injini iungurume dakika moja au mbili, zima, kanyaga taratibu mara tatu ukiachia kila mara: ya kwanza inashuka sana, ya pili inaishia juu kidogo, ya tatu juu zaidi. Zote zikiishia palepale, vakyumu haikai. Cha tatu, kanyaga injini ikiwa inaunguruma, zima ukiwa bado umekandamiza, subiri sekunde 30. Pedeli ikianza kukusukuma mguu kuja juu, kuna mahali pananyonya hewa.

Msaada ukikosekana anzia unakotoka, yaani kwenye injini, sio kwenye busta. Na hapa pikapu nyingi zina jambo lake kwa sababu ni za diseli. Injini ya petroli inajitengenezea vakyumu kwenye manifoldi kwa sababu koo la hewa limebanwa usipokanyaga moto. Diseli hewa inaingia bila kubanwa hivyo, kwa hiyo inawekewa pampu ya vakyumu, nyingine iko mgongoni mwa oltaneta, nyingine inazungushwa na kemshafti. Chomoa mpira wa vakyumu, ule unaotoka injini kwenda busta, upande wa busta injini ikiwa inawaka, funga geji ya vakyumu. Petroli nzima inasoma kama inchi 18 mpaka 22 za zebaki ukiwa karibu na usawa wa bahari, ukipanda milimani inashuka, karibu inchi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo usiilaumu injini bure. Pampu ya diseli nzima mara nyingi inafika juu ya 20. Kama huna geji weka kidole gumba, kinatakiwa kinyonywe kwa nguvu, ila kidole hakitakwambia kama ni 12 au 20, tafuta geji bwana.

Mpira wenyewe usiuamini kwa kuuangalia nje. Nilishapokea pikapu ya diseli imetoka gereji nyingine na busta mpya kabisa, pedeli bado ngumu. Breki ya kwanza ilikuwa nzuri, ukirudia haraka haraka mguu unakwama, ukisubiri kidogo inakuwa nzuri tena. Hiyo dalili ishikeni, maana yake vakyumu ipo ila inafika kwa kuchelewa. Ule mpira nje ulikuwa unang'aa, nikaubonyeza kwa vidole kuanzia busta kwenda injini, karibu na injini pale penye joto ukawa laini, nikaukata: tabaka la ndani limebanduka, limebaki tundu dogo la kupitisha msumari. Ukibadilisha weka mpira wa vakyumu kweli, sio mpira wa mafuta, huo unajibana wenyewe ukinyonywa.

Pale mpira unapoingia kwenye busta kuna valvu ya upande mmoja. Ichomoe upulize kwa mdomo, kutoka upande wa busta hewa ipite, upande wa injini igome. Ukiikuta na oili ya injini ndani, chunguza pampu na njia yake ya kurudisha oili kabla ya kufunga kitu kipya, maana oili inaozesha ule mpira mpana (diaframu) wa ndani ya busta.

Vakyumu ikifika vizuri na vipimo bado vinafeli, hapo ndio busta. Ukisikia shuuu chini ya dashibodi muda wote ukiwa umekandamiza, diaframu ya ndani imechanika. Ila kabla hujanunua legeza nati za masta silinda, ile pampu inayosukuma fluidi (mafuta ya breki), ivute mbele kidogo bila kufungua paipu, angalia nyuma yake. Kama kuna unyevu wa fluidi, sili ya masta inavuja kuingia kwenye busta, na busta mpya itakufa hivyohivyo, badilisha vyote viwili. Wakati wa kufunga pima ile fimbo inayosukuma masta, ikiwa ndefu kidogo tu breki hazitaachia na tairi zitapata moto.

Vipimo vyote vikipita na bado ni ngumu, tafuta pini za kalipa (kile kinachobana pedi) zilizokauka, pistoni iliyoganda, paipu ya mpira ya breki iliyovimba ndani, au ekseli ya pedeli yenyewe haina grisi. Na nusa fluidi. Kuna watu wanajazia oili ya injini kwenye chupa ya breki, sili zote zinavimba. Chukua matone machache tia kwenye maji safi, fluidi ya DOT 3 au DOT 4 inachanganyika, oili inaelea juu. Ikielea, kila chenye sili ya mpira kwenye mfumo ule kinabadilishwa na paipu zinasafishwa, hata mwenye gari akinuna.

Ukimaliza rudia vile vipimo vitatu, alafu jaribu gari sehemu tambarare mwendo mdogo, shuka usogeze mkono karibu na rimu zote nne usikie kama kuna moja inachemka kuliko wenzake.