Mkuku Ulioliwa na Mchanga

Juzi kijana mmoja wa Mtwapa aliniandikia: "Kaka, kayaki yangu inaingiza maji huku nyuma, nimeikagua yote sioni tundu. Nifanyeje?" Nilikaa na ule ujumbe mkononi kwa muda. Swali hilohilo nilijiuliza mimi miaka mitatu iliyopita, nimeketi kwenye mchanga wa Takaungu, nimelowa chepechepe, chombo changu kimelala ubavu.

Kayaki yangu ni ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, urefu wake mita 5 na ushei. Niliweka akiba miezi kumi na mmoja nikainunua kwa mgeni aliyekuwa akihama Kilifi. Niliipenda mno. Lakini huku kwetu, siku za bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Unaondoka yamejaa, unarudi yamekupwa, na mbele yako ni mchanga na mawe ya matumbawe hadi nyumbani. Nilikuwa peke yangu, basi nikashika kamba ya omo, yaani mbele ya chombo, nikavuta. Kila siku nikavuta. Ukivuta hivyo uzito hulalia mkuku, ule uti wa chini ya chombo, upande wa tezi, yaani nyuma, mahali pasipozidi kiganja, na mchanga husugua kila hatua kama msasa.

Jelikoti ikaisha, ile ngozi ngumu ya nje. Nyuzi za faiba zikachomoza, nyeupe kama mvi. Nikaziona, nikasema mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi nikampelekea fundi wa magari, akapaka fila, ile ya kuziba mabonde ya bodi, akanihakikishia kwamba hiyo ni ya maisha. Nikamlipa shilingi 3,500. Fila ya magari imejaa unga wa talki, nayo hunyonya maji. Isitoshe, aliipaka juu ya chumvi, hakuosha. Wiki ya tatu ilibanduka yote, nami niko nje ya hori ya Kilifi nawaongoza wageni wawili kwenda Takaungu. Ulikuwa msimu wa kaskazi, bahari shwari, ndiyo maana niko hai. Tezi ilianza kuwa nzito, chombo kikakataa kugeuka, chumba cha nyuma kikajaa. Wavuvi wenye ngalawa ndio waliotuvuta hadi pwani, na hawakutaka hata senti.

Wageni wale hawakurudi. Hoteli iliyokuwa ikiniletea watu ikaacha, ikasemwa kwamba sina ujuzi wa bahari. Hilo linaniuma mpaka leo. Nimezaliwa na kukulia kwenye maji haya, nayajua mawimbi yake na miamba yake. Nililopuuza ni kipande cha faiba kisichozidi kiganja.

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Pindua kayaki, tazama mkuku kwenye tezi, kisha kwenye omo inapogonga pwani. Maji hayahitaji tundu la kuonekana, yanapita katikati ya nyuzi zilizokwisha kuachana. Gonga kwa sarafu: pakilia kavu na kali ni pazima, pakilia pooza tabaka zimeachana, paondoe.

Osha kwa maji matamu mara mbili tatu, kausha kivulini siku kadhaa. Usiharakishe hapa, mimi niliharakishiwa. Piga msasa namba 80 hadi ufikie faiba ngumu, na uvuke jeraha kwa upana wa vidole vinne kila upande. Vaa barakoa, vumbi la faiba si la kuvuta. Kisha laza vipande vya kitambaa cha faiba, tabaka tatu, kila kimoja kipana kuliko cha chini yake. Tumia resini ya epoksi, gundi ya maji ya kulowesha kitambaa hicho, kwa sababu inashika faiba kuukuu vizuri kuliko resini ya polisteri. Ukishaweka epoksi usirudi kupaka polisteri juu yake, haitashika vyema. Pima resini na hadina, dawa ya kuigandisha, kama kopo linavyoelekeza, na uchanganye kidogo kidogo jioni jua likishapungua, maana kwa joto letu kopo hukuchemkia mkononi. Tabaka la mwisho nililitia unga wa grafaiti. Mkuku ukawa mweusi na wa kuteleza, nao nauhesabu kama soli ya kiatu: ikiisha naweka nyingine, mwili wa chombo unabaki mzima. Epoksi huliwa na jua, kwa hiyo ukiilaza kayaki kifudifudi ifunike.

Kama yako ni ya plastiki, haya ya resini yaache, hayashiki. Plastiki huunganishwa kwa moto na plastiki ya aina yake, na kazi hiyo ina mafundi wake.

Lakini zaidi ya yote, usiburute. Wazee wetu hawaburuti hata dau: hulaza magogo chini, wakaitana, wakasukuma pamoja. Wewe kwa nini uburute? Tafuta mtu wa kushika upande wa pili. Ukikosa mtu, tengeneza kigari cha magurudumu mawili mapana, membamba huzama mchangani, ukiweke chini ya katikati ya chombo. Tunatoa jasho kupata vyombo hivi, halafu tunaviua wenyewe kwa hatua hamsini za uvivu. Usiburute hata siku umechoka, hata kama mvua inakuja.

Mkuku wangu nimeshaubadilisha soli mara mbili tangu siku ile, na chumba cha nyuma nakifungua jioni nakikuta kikavu. Kesho ipindue yako uipige picha tezi, kwa karibu, uniletee niione kabla hujanunua chochote.