Dawa za mama kwenye ndege: insulini wala sio shida, shida ni vidonge vya goti

SWALI: Habari za kazi dokta. Tuko Tukuyu, mama yangu ana miaka 67 anaenda Dubai kwa mdogo wangu aliyejifungua, atakaa mwezi na nusu. Anapandia Songwe anabadilisha Dar. Anachoma insulini ya kichupa asubuhi na jioni, ana vidonge vya presha na tramadoli ya goti. Watu wanatutisha eti vimiminika vyote vinatupwa na sindano hazipiti, wengine wanasema dawa zote ziwekwe begi kubwa. Tufanyeje?

JIBU: Salama kabisa dada, mpe mama shikamoo yangu. Mi ni mfamasia sio daktari lakini hili swali ni la dirishani kwetu kabisa.

Hiyo habari ya vimiminika imetokana na sheria ya ml 100 (chombo cha kimiminika kwenye begi la mkononi kisizidi ml 100) iliyoanza 2006 baada ya Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Sasa kichupa cha insulini kina ml 10 tu, kwahiyo hata hiyo sheria yenyewe haimgusi mama, na hata dawa inayozidi ml 100 inaruhusiwa kama ni ya safari, ila uiseme mapema. Sindano nazo zinapita zikiwa pamoja na insulini yenyewe. Akifika kwenye mashine aseme kabla hajaulizwa, "nina insulini na sindano", basi. Asishangae akikaguliwa mara mbili, Songwe na tena Dar manake ndege za nje zinaondokea Terminal 3.

Begi kubwa HAPANA. Kwanza linaweza kubaki Dar mama akafika peke yake, na pili kule chini ya ndege kunaweza kuwa na baridi kali na insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri usiitumie. Nimeshaletewa kichupa kimeganda kwenye flaski ya chai kimezungushiwa barafu, mtu kasafiri nacho toka Makete akidhani anakitunza, nikamwambia tupa akaninunia. Kwahiyo barafu isigusane na kichupa, kifunge kwenye taulo kwanza. Kile anachotumia sasa hivi hakihitaji barafu hata kidogo, kinakaa nje ya friji kama wiki nne ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 (soma karatasi yake, zinatofautiana), na Dubai kisiachwe kwenye gari hata dakika chache. Vya akiba ndio viende friji akifika, mlangoni sio kwenye friza. Na ndani ya ndege akiombwa akiweke kwenye barafu za wahudumu akatae kistaarabu.

Sasa tramadoli, hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko hayo yote. Falme za Kiarabu tramadoli ni dawa inayodhibitiwa, sawa na kodeini na diazepamu, na kuingia nayo bila kibali cha mamlaka zao za afya mtu anaweza kuwekwa ndani hata kama ni bibi anayekwenda kuona mjukuu. Kibali kinaombwa mtandaoni kabla ya safari, unaambatanisha cheti cha daktari, mdogo wako yuko huko huko amsaidie. Mi ushauri wangu mrudini kwa daktari wiki mbili tatu kabla amuangalie kama goti linaweza kwenda na parasetamoli. Asiiache ghafla mwenyewe kama anaitumia kila siku, alafu asije akajinunulia diklofenaki dukani kuziba pengo, mwenye sukari na presha zile zinaumiza figo, naona wengi sana hapa mjini wanafanya hivyo.

Kitu kingine ni vile vibahasha vyetu. Yani tunakupa vidonge kwenye kimfuko kimeandikwa 1x2 kwa kalamu, jina la dawa hakuna, afisa wa Dubai atajuaje kama ni ya presha? Vidonge vibaki kwenye boksi lake na karatasi zake, na daktari aandike barua kwa Kingereza yenye jina la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, jina halisi la kila dawa (sio la kiwandani tu), dozi, na MUHURI. Mpige kopi mbili.

Masaa yasikuumize kichwa, Dubai wametutangulia saa moja tu. Ila ukungu wa Songwe mnaujua, ndege inaweza kuchelewa asubuhi nzima, kwahiyo asichome insulini ya asubuhi mpaka aone chakula mbele yake, na kwenye pochi awe na pipi au glukosi ya unga ya kutumia sukari ikishuka, na kile kipimo cha sukari. Dawa abebe za siku zote 45 na za wiki moja ya ziada (tramadoli kama itaenda, ni kiasi kile tu kibali kinachoruhusu), alafu nitumie picha ya maboksi yote kabla hamjakata tiketi nione kama kuna nyingine ya kuombea kibali.