Kumfuata PA kazini kabla ya kuomba chuo

Mdogo wangu, umeuliza kama saa zako za CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya wazee zinatosha kuombea chuo cha PA (physician assistant, mtaalamu anayepima na kutibu wagonjwa akishirikiana na daktari), au lazima pia umfuate PA kazini, yaani ukae naye umtazame akifanya kazi. Hivyo ni vitu viwili. CASPA, mfumo ambao vyuo vingi vya PA hapa Marekani hupokelea maombi, una sehemu ya kumhudumia mgonjwa kwa mikono yako na sehemu nyingine ya kutazama tu. Usizichanganye.

Wa kumfuata anza kumtafuta hapo hapo kazini. PA anayekuja kuwaona wazee wako ameshakuona ukihangaika nao, ni rahisi akukubali kuliko kumwandikia mtu asiyekujua kabisa. Ukikosa, jaribu kliniki ndogo ya daktari wa familia. Hospitali kubwa zina makaratasi: chanjo, kipimo cha TB, fomu ya kutunza siri za wagonjwa chini ya sheria ya HIPAA, kwa hiyo omba mapema. Kumfuata daktari si vibaya, ila chuo kinataka kuona unaijua kazi ya PA mwenyewe. Andika tarehe na saa siku ileile. Na wanaouza nafasi za kumfuata PA, mimi nisingewapa hata senti.