Wakili Anajibu: Mwanangu wa Houston kaambiwa asaini, kesi ifutwe

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mwanangu ana miaka 24, yuko Houston, Texas. Aliondoka mwaka juzi kwa bahati nasibu ya green card, akapata kazi kwenye ghala la simu. Mwezi uliopita alikamatwa pamoja na wenzake wawili, wanadaiwa kutorosha simu za dola 4,000. Yuko nje kwa dhamana. Wakili aliyepewa na mahakama anasema upo mpango: akisaini, ataripoti kwa muda na kufanya kazi za jamii, halafu kesi inafutwa. Kaka yangu wa Tandika anasema asaini leo leo. Ukoo tumeshachanga fedha za kumsaidia. Mimi moyo unasita. Picha za karatasi nimekutumia. – Mama Rama, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Pole sana, Mama Rama. Moyo wako umesita mahali panapostahili.

Mpango wenyewe ni wa kweli, si utapeli. Kule Texas, wizi wa mali ya kuanzia dola 2,500 hadi chini ya 30,000 ni feloni, yaani kosa kubwa la jinai, ingawa ni ya daraja la chini kabisa. Kifungo chake ni siku 180 hadi miaka 2, na faini inaweza kufika dola 10,000. Kijana asiye na rekodi, mwendesha mashtaka akiridhika naye, anaweza kuepushwa na hukumu: kesi inawekwa pembeni, anaripoti kwa afisa, analipa fidia, anatumikia jamii. Akimaliza salama, mashtaka yanaondolewa. Akiharibu, kesi inaendelea. Hiyo ni hiari ya mwendesha mashtaka, mshtakiwa hawezi kuidai kama haki yake, na ndiyo maana wakili wake anamhimiza.

Angekuwa raia wa Marekani, ningekuwa upande wa kaka yako. Lakini Rama ana green card tu, kwa hiyo anatazamwa na sheria mbili kwa pamoja: ya jinai ya Texas, na ya uhamiaji ya serikali kuu. Hii ya pili haijali Texas imeliitaje jambo. Tangu mwaka 1996 inasema mtu ametiwa hatiani, hata kama jaji hakutamka hivyo, ikiwa alikiri kosa au alikiri mambo yanayotosha kumtia hatiani, na jaji akaamuru adhabu au sharti lolote la kumbana. Mwaka 2017 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji iliamua shauri la mtu aliyeingia kwenye mpango wa namna hii hii, Texas hiyo hiyo. Kwa kuwa alikiri mambo wakati anaingia na jaji akaidhinisha, Bodi ilisema huyo ametiwa hatiani.

Sasa nimezikuza picha zako. Ukurasa wa tatu, chini ya orodha ya masharti, kuna aya fupi ambayo mtu akiwa na haraka anaipita: mshtakiwa anakiri kwamba alitenda yaliyoelezwa kwenye hati ya mashtaka. Chini yake pana nafasi tatu za saini, na moja ni ya jaji. Hapo ndipo hatari ilipo, Mama Rama. Wizi wa kukusudia kumnyang'anya mtu mali yake unahesabiwa miongoni mwa makosa ya kukosa uadilifu. Mwenye green card akitenda kosa la aina hiyo ndani ya miaka 5 tangu aingie, na kosa lenyewe linaweza kuadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, anaweza kurudishwa kwao. Inaangaliwa adhabu ambayo sheria inaruhusu. Hata asipolala jela siku moja, kipimo kimefikiwa.

Kwa hiyo asisaini bado. Amwambie wakili wake kwa maandishi: mimi si raia. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Kisha waombe aya ile iondolewe, na makubaliano yabaki kati yake na mwendesha mashtaka, bila amri ya jaji. Wakikataliwa, waulize kama shtaka linaweza kushushwa hadi wizi wa daraja B, kosa dogo ambalo kifungo chake hakizidi siku 180. Wakimpa badala yake hukumu iliyoahirishwa, ile ya kukiri kosa halafu jaji anasitisha kumtia hatiani, aikatae mpaka apate ushauri. Texas wanaweza kumwona hana hatia, uhamiaji wanamwona anayo.

Kaka yako namwelewa. Anafikiria kumalizana kwa mtindo wa kituo cha polisi. Lakini hata kwetu, tangu tupate sheria ya makubaliano ya kukiri kosa mwaka 2019, mtu akishaelewana na upande wa mashtaka, mahakama humtia hatiani. Nimepokea ofisini watu waliolipa, wakarudi nyumbani wakidhani wako safi.

Fedha mliyochanga kwenye kikao cha ukoo msimpe dalali anayesema ana mtu ubalozini. Mlipeni wakili wa uhamiaji wa Houston, hata kwa saa moja, asome kurasa hizo kabla ya saini. Na Rama asikate tiketi ya kuja Dar wakati kesi iko wazi, hata kwa msiba. Najua neno hilo ni zito kwa mama kulisema, lakini akitoka anaweza kuzuiwa wakati wa kurudi.

SWALI: Nikiwa mwanafunzi Marekani nilikamatwa, nikamaliza mpango kama huo, kesi na kumbukumbu zikafutwa. Naomba viza upya. Fomu inauliza kama nimewahi kukamatwa. Niandike hapana? – Msomaji, Sinza

JIBU: Andika ndiyo. Swali linahusu kukamatwa, hata kama baadaye ulisamehewa, na alama za vidole zilichukuliwa siku ile. Kesi iliyofutwa unaweza kuieleza dirishani kwa dakika mbili, lakini uongo kwenye fomu unaweza kukufungia mlango moja kwa moja. Nenda na nakala ya mahakama yenye mhuri inayoonyesha mashtaka yaliondolewa. Kama huna, omba nakala ya amri iliyofuta kumbukumbu, na ianze kutafutwa sasa, kabla hujalipia viza.