Uzamivu Ujerumani: tafuta maabara kabla ya chuo

Kila msimu wa maombi unapokaribia, wadogo zangu wanaosoma baiolojia huniandikia: "Dada, chuo gani Ujerumani ni kizuri?" Nami huwauliza: unataka kufanya utafiti kwa nani? Kwenye baiolojia ya molekuli na seli, mwanafunzi wa uzamivu haishi darasani. Anaishi maabara, chini ya profesa ambaye mara nyingi ruzuku yake ndiyo inayomlipa, na ambaye kwa kawaida ni mmoja wa wanaosahihisha tasnifu yake. Ukipata msimamizi mzuri kwenye chuo ambacho shangazi yako hajawahi kukisikia, umemzidi mwenzako aliyeangukia kwa msimamizi wa ovyo Heidelberg.

Usiziruke taasisi zilizo nje ya vyuo. Dresden kuna Taasisi ya Max Planck ya Baiolojia ya Molekuli ya Seli na Jenetiki, Heidelberg kuna EMBL, maabara ya Ulaya ya baiolojia ya molekuli. Utafiti unaufanyia huko, shahada inatolewa na chuo kikuu. Shule za utafiti za Max Planck, ziitwazo IMPRS, huchuja maombi kisha huita watu kwenye usaili. Na kama una shahada ya kwanza tu, itazame programu ya Baiolojia ya Molekuli ya Göttingen: inafundishwa kwa Kiingereza, mwaka wa kwanza ni mzito kwelikweli, na wanaofanya vizuri wanaweza kuingia uzamivu bila kuandika tasnifu ya umahiri.

Ukimwandikia profesa moja kwa moja, barua iwe fupi na iwe yake peke yake. Barua iliyotumwa kwa maprofesa hamsini inajulikana kwa mstari wa kwanza. Soma makala zake mbili za karibuni, kisha sema mikono yako inajua nini. Kama ulipita Ifakara au KEMRI, taasisi za utafiti wa afya za Tanzania na Kenya, "nilishiriki mradi wa malaria" haisemi kitu. Sema ulitoa DNA kwenye damu, ukaendesha PCR (njia ya kunakili vipande vya DNA), na ilipogoma ulifanya nini. Hilo la kugoma ndilo wanalolipenda, maana ndiyo kazi yenyewe.

Siku ya usaili, omba kuongea na wanafunzi wake bosi akiwa hayupo. Maabara nzuri itakupangia muda huo bila hata kuomba. Waulize: waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi? Kuna aliyeondoka katikati? Watu wawili wamepewa swali moja washindane? Ruzuku ikiisha kabla ya data, nani analipa? Rafiki yangu mmoja hakuuliza hilo la mwisho. Alimalizia kuandika akiwa hana mshahara, na kibali cha kuishi kinakaribia kuisha. Sikiliza pia wanavyonyamaza. Mwanafunzi akitazama mlango kabla ya kujibu, shika nauli yako urudi nyumbani.

Kuhusu pesa. Wengi wetu huajiriwa kwa mkataba wa ngazi ya E13 (ngazi ya mshahara ya watumishi wa umma), mara nyingi asilimia 65. Maana yake unalipwa asilimia 65 ya saa, kazi ni ya siku nzima. Binafsi naona ni uonevu uliozoeleka, ila mshahara unatosha kuishi, na unakatwa kodi, bima ya afya na pensheni kama mfanyakazi yeyote. Ufadhili kama wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, ni njia nyingine, lakini huo si ajira. Kwa hiyo kabla ya kusaini, jua uko upande upi.

Maduka mengi hufungwa Jumapili, seli unazokuza maabara hazijui Jumapili. Kuna wikendi utaenda kubadilisha maji ya lishe mji mzima ukiwa kimya. Ukizipuuza zinakufa, au mbaya zaidi, zinaingiwa na mikoplazima, bakteria wadogo mno, na hujui, na miezi ya majaribio inakuwa takataka. Pima mara kwa mara, hata kama jirani yako wa meza anaapa zake ni safi.

Na ukishatetea tasnifu, usikimbilie kuandika "Dkt." kwenye wasifu. Kwa kawaida cheo hicho hukitumii mpaka tasnifu ichapishwe au ikabidhiwe maktaba ya chuo. Göttingen unaweza kwenda kumbusu Gänseliesel, sanamu ya msichana wa mabata bukini pale mbele ya ukumbi wa zamani wa mji, siku hiyo hiyo. Kadi za sherehe mwambie mama asubiri kidogo.