Pikipiki Kuukuu Isiyotaka Kuwaka: Kabureta Isubiri Zamu Yake

Anayefufua pikipiki iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa hukuta hitilafu kadhaa kwa pamoja, na moja huificha nyingine: petroli iliyochacha huficha udhaifu wa cheche, na cheche dhaifu huficha vali isiyofunga sawasawa. Kwa sababu hiyo mimi hufuata mpangilio uleule kila mara, yaani mgandamizo (nguvu ya pistoni kubana hewa ndani ya silinda) kwanza, kisha umeme, kisha mafuta, na hubadilisha kitu kimoja tu kabla ya kupima tena.

Mgandamizo hutangulia kwa kuwa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haiwezi kuisaidia silinda inayovuja. Ukishahakikisha kwamba injini inazunguka bila kukwama, funga geji ya kupimia mgandamizo kwenye tundu la plagi, vuta akseleta hadi mwisho, kisha piga kiki mpaka mshale usipande tena. Kipimo kikiwa kidogo, tia kijiko cha oili ndani ya silinda upime upya: kikipanda, shuku ringi za pistoni, kisipopanda, shuku vali au gasketi. Hata hivyo, usikimbilie kufungua silindahedi kabla ya kupima nafasi ndogo inayoachwa kati ya vali na kinachoisukuma, injini ikiwa baridi, kwani vali iliyobanwa mno haikai kwenye kiti chake, na mara nyingi kuirekebisha kunatosha.

Upande wa umeme ndio unaostahili subira kubwa zaidi, maana hitilafu zake nyingi husingiziwa kabureta. Pikipiki moja niliyoishughulikia iliwaka vizuri ikiwa baridi, ikazimika kila ilipopata joto, na ikakubali tena baada ya kupumzika. Ilipozima nilichomoa plagi papo hapo nikaikuta imelowa petroli, ishara kwamba mafuta yalikuwa yakifika lakini hayaungui. Niliigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu la silinda kwa kuwa mvuke wa petroli unaweza kushika moto, na cheche haikuonekana kabisa. Mita ya umeme ilimaliza ubishi: koili, yaani kifaa kinachokuza umeme wa cheche, iliyosoma kawaida ikiwa baridi ilionyesha kwamba waya wake wa ndani umekatika ikiwa moto. Kipimo cha namna hii hakina maana kikifanywa baada ya injini kupoa.

Kwenye mitambo ya zamani yenye pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili cheche itokee), safisha nyuso zake na uangalie nafasi kati ya nyuso hizo zinapoachana, ambayo kwa pikipiki nyingi ni milimita 0.3 hadi 0.4. Cheche kubwa zikiruka kwenye pointi zenyewe, kondensa, kifaa kidogo kinachozuia cheche hizo, ndiyo ya kushukiwa.

Kama plagi ingetoka kavu, ningeanza na kifuniko cha tanki. Tundu lake la hewa likiziba, petroli huacha kushuka baada ya muda mfupi, na kukilegeza kifuniko hutoa jibu mara moja. Ndani ya kabureta, jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli injini ikiunguruma bila akseleta, ndiyo huziba mapema, na dalili yake ni injini kukataa kutulia bila akseleta. Mzunguko ukipanda wenyewe na kuchelewa kushuka, kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda, kwa kuwa ukipasuka injini hunyonya hewa ya ziada. Vipimo hivi vyote vifanye kwa petroli mpya kutoka kwenye chombo kidogo safi, na tanki la zamani usiliunganishe mpaka kutu yake iwe imeondolewa na chujio jipya limefungwa.